Mtaitwa Mtakapoitwa

Paukwa!

— Pakawa.

Sauti gani hiyo, mnamjibu mgonjwa? Paukwa!

— Pakawa!

Uwanja?

— Upo!

Watoto?

— Wapo!

Wazazi?

Ehe. Mmenyamaza. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo, na ningeweza kuishia hapo nikaenda zangu kunywa chai. Lakini mmeshakaa, basi kaeni vizuri. Wewe mwenye karanga, tafuna polepole, nasikia meno yako kuliko sauti yangu.

Hapo kale, katika bonde la Mafinyo, wanyama walipenda mieleka kuliko shibe. Si mieleka ya wakubwa. Wakubwa wakishikana wanavunjana mbavu, kisha wanavunja na ujirani. Hii ilikuwa mieleka ya watoto. Kila mwezi ukiandama, watoto wa bonde zima walikwenda kwenye uwanja wa mchanga, wakashikana, wakaangushana, tii! mgongo chini, wakainuka, wakacheka, wakaenda kuoga.

Na palikuwa na desturi. Mtoto haingii mchangani kama gunia lisilo na mwenyewe. Lazima asimamiwe. Mpiga mbiu alikuwa Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa na haya kidogo. Alipaza sauti: "Hondo-hondo-hooo! Fulani wa Fulani! Nani wake?" Hapo mtu wa nyumbani, awe mama, baba, bibi, au hata mjomba asiyepatana na mtu, husimama akajibu: "Huyu wetu!" Ndipo mtoto huingia kifua mbele. Mbiu ilipigwa mara tatu. Ikikosa jibu mara ya tatu, Hondohondo alifunga mdomo, ko! akasema, "Kaanguka." Kaanguka bila kuguswa. Na aliyeanguka hivyo mara nne, jina lake lilifutwa, asikanyage mchanga ule tena.

Wazee hawakuwasahau mayatima. Walisema, jirani yeyote akisimama akajibu "Huyu wetu," basi mtoto ni wake. Anatoka naye, anakula kwake, anaitwa kwa jina lake, mpaka mbiu ya mwezi mwingine.

Desturi nzuri, sivyo? Wazee waliona mbali. Walichokosa kukiona ni kwamba siku moja atatokea Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa Kiboko. Nani alimchagua? Kamati. Na Kamati ilikuwa na wajumbe watatu: Kiboko, mdomo wa Kiboko, na tumbo la Kiboko. Wakipiga kura walikuwa hawagawanyiki hata siku moja. Umoja ulioje!

Kamati ikatunga sheria. Kila familia ije na kapu la chakula, maana siku ni ndefu. Kila kapu liwekwe kivulini kwa Mwenyekiti, lisije likapigwa na jua. Mwenyekiti alikuwa na dimbwi lake la matope chini ya mkuyu, pembeni mwa uwanja. Alijilaza humo, matope mpaka kwapani, makapu yamemzunguka kushoto na kulia. Na kweli, makapu hayakupigwa na jua. Yalipigwa na Kiboko.

"Wote mfike alfajiri," alitangaza.

"Na tutaitwa saa ngapi, Mwenyekiti?"

"Mtaitwa mtakapoitwa."

Wa kwanza kuitwa alikuwa Bofulo. Bofulo ni mwanawe Kiboko, mtoto mnene, mpole, hana makosa, tusimsingizie. Aliitwa umande haujakauka. Baba yake akajibu kutoka dimbwini bila hata kuinuka: "Huyu wetu!" Bofulo akaangusha mtu, akarudi mtoni kulala. Baada ya hapo uwanja ulisimama. Mara Mwenyekiti anatafakari. Mara Mwenyekiti anashauriana na Kamati, nyam-nyam-nyam. Aliyeleta majani makavu aliitwa mapema, aondoke na ukavu wake. Aliyeleta matikiti aliitwa jioni, kapu limebaki kapu.

Sasa, juu ya mlima unaotazama uwanja ule aliishi Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Kanyama ka miambani, kadogo, ka mviringo, hakana hata mkia wa kufukuzia inzi. Mungu alipogawa mikia walituma mtu awachukulie, na wanangoja mpaka leo. Kwa hiyo habari ya kungoja, hakuna anayeweza kumfundisha pimbi.

Ukoo wa pimbi wanaishi kwa zamu. Wenzako wakila majani, wewe unakaa juu ya jiwe unatazama mbinguni, tai asije. Ukikosa zamu yako, mtu anabebwa. Zamu ya mumewe ilikuwa asubuhi, zamu ya Bi Pimbi ilikuwa adhuhuri. Na tai hana habari kwamba leo kuna mashindano.

Bi Pimbi alikuwa na binti, Siwema. Siwema alikuwa mdogo kuliko jina lake, lakini mieleka alikuwa anaiota. Alikuwa akishikana na mizizi. Alishikana na bibi yake, bibi akamwangusha, akaomba tena.

Mwezi wa kwanza Bi Pimbi akaja alfajiri na kapu la kunazi. Akangoja. Jua likapanda. Akangoja. Kivuli kikafupika. Akambusu Siwema, akakimbilia zamu. Hajafika nusu ya mlima, akasikia nyuma yake: "Hondo-hondo-hooo! Siwema wa Pimbi! Nani wake?" Akageuka, akapiga kelele, lakini sauti ya pimbi inafika wapi? "Nani wake? Nani wake?" Ko! "Kaanguka."

Mwezi wa pili akaja alfajiri. Akangoja. Jua likapanda. Akangoja. Kivuli kikafupika. Akakimbia. "Hondo-hondo-hooo!" Ko! "Kaanguka."

Mwezi wa tatu akasimama katikati ya mlima, mguu mmoja unataka kwenda juu, mwingine unataka kurudi chini. Juu, watoto wa dada zake wanakula majani bila mlinzi. Chini, mwanawe kasimama peke yake kando ya mchanga, anatazama njia. Akapanda juu, analia. "Hondo-hondo-hooo!" Ko! "Kaanguka."

Kapu la aliyeanguka lilibaki mali ya Kamati. Sikuwaambia? Samahani, sheria zilikuwa nyingi.

Si yeye peke yake. Mama Nungunungu alikuwa na watoto watatu, wawili waliitwa usiku unaingia na mmoja hakuitwa kabisa. Akasema, "Wakitaka kushikana washikane nyumbani, wachomane miiba wenyewe kwa wenyewe." Digidigi akaacha. Ngiri akaendelea kuwaleta wanawe, akawaacha hapo, akaenda kuchimba viazi. Wakawa wanaanguka mmoja mmoja, ko! ko! ko! bila kutoka jasho. Uwanja ukawa mpana. Mwenyekiti akasikitika sana. Makapu yalikuwa yanapungua.

Wazazi waliobaki wakaenda kumwona. Bi Pimbi akawa mbele, maana wengine waliogopa.

"Mwenyekiti," akasema, "shikamoo."

"Marahaba. Semeni haraka, nimejaa kazi." Akafungua tikiti.

"Tunaomba tuambiwe tu watoto wataitwa wakati gani. Sote tuna shughuli. Tukijua wakati, tutakuja, tutakaa, tutashangilia."

Kiboko akatafuna mpaka akamaliza. "Bi Pimbi, mchezo unajenga uvumilivu. Ninyi mnataka kuniharibia watoto. Mtoto akijua ataitwa lini, atakua na tabia gani? Mimi mwenyewe nashinda hapa tangu alfajiri mpaka magharibi. Mmewahi kunisikia nalalamika?"

"Hatujawahi, Mwenyekiti."

"Basi oneni mfano. Kinachokosekana bondeni hapa ni moyo. Wazazi wa siku hizi hawajali watoto." Akafuta mdomo. "Nani kaleta tikiti hili? Aje nalo tena."

Wakarudi. Jioni ile Siwema alikuwa amekaa juu ya jiwe, hashikani na mizizi wala na bibi.

"Mama," akasema, "mwezi ujao usije."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Imebaki mara moja. Ukija halafu ukaondoka, nitatazama njia. Usipokuja, sitatazama. Nitaanguka tu, yaishe."

Bi Pimbi akaketi kando yake. Ilimuuma, tena ilimuuma vibaya. Kusikia mwanao anapanga jinsi ya kuumia kidogo ni kitu kinachochoma mpaka kwenye mifupa. Akamkumbatia, na wakati anamkumbatia alikuwa anatazama kule bondeni, kwenye mgongo mnene unaong'aa matopeni. Akasema kimoyomoyo, "Haya, Mwenyekiti. Uvumilivu unaujua. Tutaona."

Kesho yake akashuka na kapu la kunazi zilizoiva, peke yake, anatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa.

"Kulikoni?" Kiboko akauliza, macho kwenye kapu.

"Aibu, Mwenyekiti. Watu wanasema maneno. Mimi nimeshindwa kuvumilia, nimekuja kukwambia kabla hujasikia kwa wengine."

"Wanasemaje?"

"Wanasema Bofulo anaitwa wa kwanza kila siku. Wanauliza, kwenye harusi nani anafika wa kwanza? Wapika pilau na wachota maji. Nani anafika mwisho? Bwana harusi. Sasa, wanasema, kama mwana wa Mwenyekiti anatangulia kuitwa na umande, basi…"

"Basi nini?"

"Siwezi kutamka, Mwenyekiti. Nimelelewa."

Kiboko akavimba, na kwa kiboko kuvimba ni kazi. "Mwanangu si mchota maji!"

"Ndivyo nilivyowaambia! Nikawaambia, wadogo waanze, wa kati wafuate, wazito wawe mwisho, na Bofulo awe wa mwisho kabisa, adhuhuri, jua la utosi, kila jicho likimtazama. Na litangazwe siku tatu kabla. Heshima isiyotangazwa ni sawa na kunong'ona ndani ya mtungi."

"Siku tatu," akasema Kiboko. "Itangazwe siku nne."

"Na makapu, Mwenyekiti. Umeshaona bwana harusi anadokoa jikoni? Makapu yabaki kwa wenyewe, yapambwe maua. Bofulo akishashinda, yaletwe yote kwa pamoja, kwa maandamano."

"Maandamano?" Mate yakamdondoka.

"Na vigelegele. Kisha kuna jambo la matope." Bi Pimbi akashusha sauti. "Mgeni rasmi anakaa juu, Mwenyekiti, anaonekana. Sisi tuna jiwe letu pale katikati ya uwanja, bapa, pana, jeusi. Tunaliheshimu sana. Asubuhi tunaota jua juu yake. Hatujawahi kumpa mtu asiye wa ukoo, lakini kwako wewe…"

"Nitalikalia," akasema Kiboko. "Tangu mwanzo mpaka mwisho. Sitashuka mpaka mwanangu ashinde. Waandike hivyo!"

Hondohondo akatangaza kote. Bi Pimbi akasimika mti wima mchangani na kupanga mawe matatu kwenye njia ya kivuli chake. Kivuli kikifika jiwe la mbali, wadogo. Kikifupika mpaka jiwe la pili, wa kati. Kikirudi nyumbani chini ya mti wake, wazito. Hata asiyejua kuhesabu mpaka tatu angejua saa ya mwanawe. Bi Pimbi mwenyewe, kwa kuwa sasa aliijua saa, alikwenda kwa dada yake wakabadilishana zamu, yake na ya mumewe. Maneno mawili tu. Miezi mitatu ya machozi ilikuwa inangoja maneno mawili.

Siku ikafika. Na watu nao wakafika! Digidigi alikuja na mkewe, wakitetemeka kwa furaha, maana wao hutetemeka kwa kila kitu. Mama Nungunungu alileta watoto wake na bibi yao. Ngiri aliacha viazi. Babu Kobe, ambaye kila mwezi alifika uwanja umeshafagiliwa, safari hii alipiga hesabu, akaondoka siku mbili kabla, akafika kabla ya wote, akawa anawauliza, "Mbona mnachelewa hivi, jamani?"

Kiboko akapanda jiwe. Lilikuwa la baridi bado, la asubuhi. "Aaa," akasema, "huku juu kuna hewa."

Kivuli kikagusa jiwe la mbali.

"Hondo-hondo-hooo! Siwema wa Pimbi! Nani wake?"

Siwema alikuwa anatazama chini. Alikuwa amejizoesha hivyo.

"HUYU WETU!"

Walikuwa pimbi ishirini na mmoja. Mama, baba aliyetoka zamu anahema, bibi, shangazi, binamu, na wawili ambao hata si wa ukoo, walisikia kelele wakajiunga. Siwema akainua macho. Akaingia mchangani, miguu haigusi chini, akamkamata mtoto wa Ngiri kiunoni. Wakazunguka, wakasukumana, mchanga ukaruka, vuu! vuu! Mtoto wa Ngiri akamnyanyua Siwema juu kama mkungu wa ndizi, akambwaga, tii!

Mgongo chini. Kashindwa kabisa, hakuna ubishi.

Akainuka amejaa mchanga mpaka puani, anacheka, anakimbilia kwa mama yake. "Mama! Umeona? Nimeanguka! Leo nimeanguka mwenyewe!"

"Nimeona, mwanangu," akasema Bi Pimbi, na machozi yalimtoka, na hakuyafuta. "Umeanguka vizuri sana."

Basi wadogo wakaisha, kila familia ikala kapu lake kidogo pale pale, ikapongezana, ikaondoka kwenye shughuli zake na kapu lake lililobaki. Mama Nungunungu akasema, "Kumbe mchezo wenyewe ni mfupi hivi? Miaka yote nilidhani ni wa siku nzima." Wa kati wakaitwa. Wakashikana, wakaanguka, wakala, wakaondoka.

Na Mwenyekiti? Mwenyekiti alikuwa juu, anaonekana. Jua nalo lilikuwa juu, linamwona. Jiwe lile jeusi, nimewaambia pimbi hulitumia kuota jua asubuhi. Sikuwaambia kwa nini mchana wanalikimbia.

"Bi Pimbi," akanong'ona, "makapu yako wapi?"

"Yanapambwa, Mwenyekiti."

"Mbona naona yanaondoka?"

"Yanakwenda kuchumiwa maua."

Jua likapanda. Akangoja. Ngozi ikaanza kulia, ch'wa, ch'wa, kama chungu kinachokaribia kupasuka. Akangoja. Jiwe likawa kikaango. Akainua mguu mmoja, akaushusha, akainua mwingine. Watu wakadhani anacheza ngoma, wakampigia makofi.

"Bi Pimbi, bado sana?"

"Uvumilivu, Mwenyekiti. Tunajifunza kwako."

Kivuli kikabaki kama upana wa kidole. Kiboko akatazama kushoto. Akatazama kulia. "Nakwenda mara moja tu," akasema, "nakuja sasa hivi." Akateleza kutoka kwenye jiwe, puu! akakimbia, gudu-gudu-gudu, mpaka mtoni. Bubujiii! Maji yakamfunika masikio.

Kivuli kikaingia chini ya mti wake.

"Hondo-hondo-hooo! Bofulo wa Kiboko! Nani wake?"

Bofulo akasogea kando ya mchanga. Akatazama jiwe. Jiwe tupu.

"Bofulo wa Kiboko! Nani wake?"

Hapo, wanangu, ndipo Bi Pimbi alipokuwa anapangoja. Siku nne alikuwa anapangoja. Alishaionja ile "Kaanguka" mdomoni mwa Hondohondo, tamu kuliko kunazi. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na kukaa kimya hakuna gharama.

Lakini Bofulo akageuka, akaanza kutazama njia. Njia ya mtoni, vile vile, shingo imenyooka, mdomo wa chini unacheza. Bi Pimbi akamwona. Siwema naye akamwona, akamshika mama yake mkono.

"Bofulo wa Kiboko! Mara ya tatu! Nani wa—"

"Huyu wetu!"

Watu wakageuka. Bi Pimbi kasimama kwa miguu ya nyuma, urefu wake wote, nao si mrefu. Wakacheka mpaka Digidigi akaanguka. Hondohondo akaufungua mdomo, akaufunga, akaukumbuka msemo wa wazee. "Kasimamiwa," akasema. "Bofulo wa Pimbi, ingia!"

Akaingia. Pimbi ishirini na mmoja wakamshangilia kama wamemzaa kwa zamu. Alishikana na ndama wa Nyati, ardhi ikatikisika, gudu! gudu! akambwaga, tiii! na vumbi likafika mlimani.

"Bofulo wa Pimbi kashinda!"

Ndipo Kiboko akatokea, analowa, anatabasamu, anatafuta maandamano. "Haya, makapu!" akasema. Lilikuwepo kapu moja. Ndani yake kokwa la kunazi, limefyonzwa vizuri. Kisha akasikia kile ambacho watu wanaimba.

"Bofulo wa nani?" akanguruma. "Bofulo wangu! Njoo, twende nyumbani!"

"Aliitwa mara tatu, Mwenyekiti," akasema Hondohondo. "Atalala mlimani mpaka mbiu ya mwezi mwingine. Sheria ni sheria."

"Lakini nilikwenda mara moja tu!"

Watu wakasogea karibu. Kisha Ngiri akasema, "Na mimi nilikwenda mara moja tu." Digidigi akasema, "Na sisi tulikwenda mara moja tu." Babu Kobe akasema, "Mimi nilikuwa nakuja." Siwema alimtazama tu Kiboko, na Kiboko, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakosa pa kuweka macho.

Bofulo akamsogelea. "Baba, umeona nilivyomwangusha?"

Kiboko akafungua lile domo lake lote. Hakuna kilichotoka. Domo lililomeza makapu ya bonde zima likashindwa kutoa neno moja.

"Hakuona," akasema Bi Pimbi polepole. "Lakini mwezi ujao ataona."

Kiboko akapiga magoti, na kwa kiboko si safari ndefu. "Bi Pimbi, dada yangu. Mwezi ujao mwanangu anaitwa lini? Niambie saa. Niambie tu saa, nitakuwepo."

Bi Pimbi akavuta pumzi. Akamtazama mumewe. Akautazama mlima, dimbwi, mkuyu. Akachukua muda wake, ule muda alioibiwa miezi mitatu.

"Mwenyekiti," akasema, "mtaitwa mtakapoitwa."

Wee! Kiboko alilia! Alilia mpaka dimbwi likaongezeka. Bi Pimbi akamwacha kidogo alie, maana yeye si malaika, kisha akamwonyesha ule mti na yale mawe matatu. "Vikae hapa," akasema. "Kila mwezi itangazwe siku nne kabla, kama ulivyoamuru mwenyewe kwa hekima yako. Na makapu yabaki kwa wenyewe."

"Vikae," akasema Kiboko. "Vikae milele."

Bofulo akaenda mlimani. Alikalia mawe ya watu kumi na wawili kwa wakati mmoja, akamwangusha bibi wa Siwema kwa bahati mbaya, na akapewa zamu ya kutazama tai. Tai alimwona pimbi wa ukubwa ule, akahama mkoa.

Na Kiboko mpaka leo ana hofu. Nendeni mtoni mkamtazame. Mchana kutwa yumo majini, lakini masikio hayazamishi, yanachezacheza juu ya maji. Mnadhani anapunga hewa? Anasikiliza, isije Hondohondo akaita na yeye hayupo. Na akisikia kelele yoyote, hata ya mtu anayefua nguo, hutoa kichwa na kujibu: "Hu! Hu! Hu! Huyu wetu!"

Haya, funzo. Mlidhani mtatoka bure? Funzo la hadithi hii ni kwamba mzazi mwema hukaa nyumbani, maana akienda uwanjani atamwona mwanawe akianguka, na hiyo si furaha. Tena ratiba huharibu watoto. Tena kiongozi asisumbuliwe kwa kuulizwa saa. Ikifika siku mkawa wenyeviti, kaeni matopeni, kuleni makapu, na atakayelalamika mwambieni hana moyo. Hilo ndilo funzo, na mimi sijalitunga; nimepewa na Kamati.

Kisa nimekitua, mzigo si wangu tena. Kama kimewakolea, tugawane. Kama kimewachachia, rudisheni kwa Kiboko, ana nafasi tumboni. Sasa nijibuni mara ya mwisho, kwa sauti ya watu walioshiba. Uwanja?

— Upo!

Watoto?

— Wapo!

Wazazi?

— Tupo!

Nani huyo? Mama Tunu, na wewe huko jikoni ulikuwa unasikiliza? Haya, mmemsikia. Tunu, simama. Huyu wake.